Mashavu ya mdogo wangu

Mdogo wangu alitoka soko ya Kenya, hapa Lubumbashi, na kakaratasi kamekunjwa, ndani vidonge vidogo vyeupe, muuzaji alimuhesabia ishirini akamuambia kunywa kimoja asubuhi kimoja magaribi, bukari (ugali) utaimaliza yote. Alikuwa anataka kunona mbele ya ndoa. Mi nilimuacha, nikaona ni mambo ya wasichana tu, na ile inaniuma mpaka leo.

Ile dawa ni deksametazoni, wengi wanasema deksa. Watu wanafikiri ni kama vitamini, kumbe ni homoni. Hata mwili wetu unajitengenezea ndugu yake, kortisoli, kwenye tezi mbili zinazokaa juu ya figo, asubuhi inapanda usiku inashuka, na kazi yake moja ni kutuliza askari wa mwili, wale wanaopigana na magonjwa, juu wakiachwa bila wa kuwatuliza wanaweza kuchoma nyumba wanayolinda. Deksa inafanya vile vile lakini kwa nguvu ya mara 25 hivi.

Siseme dawa ni mbaya. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, Uingereza waliona miligramu 6 kwa siku inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa wale walio kwenye mashine ya kupumua, juu askari wenyewe ndio walikuwa wanaharibu mapafu. Lakini wagonjwa wengine ambao hawakuhitaji oksijeni, haikuwasaidia kitu.

Sasa mdogo wangu alikuwa na moto gani wa kuzima? Mashavu yalijaa kweli, watu wakamsifu, lakini ukimshika mkono unasikia mfupa, juu ile homoni inahamisha mafuta kwenye uso na shingo huku inakula nyama ya mikono na miguu. Halafu akaanza kukohoa, tukasema vumbi ya kiangazi, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, na homa hakuna, kwa hiyo hatukuogopa. Dokta ndiye alinifungua macho: homa yenyewe wanaiwasha ni askari, na askari walikuwa wamelazwa. Ilikuwa kifua kikuu. Mbegu yake inaweza kulala miaka ndani ya mapafu, askari wameizungushia ukuta, ukiwalaza inaamka.

Dada yangu unayesoma hapa na unakunywa hizi vidonge tangu miezi, tafadhali usikate kwa siku moja. Zile tezi zimezoea kukaa bure, ukikata ghafla presha inaweza kuanguka mpaka ufe. Enda kwa dokta akupunguzie pole pole, mdogo wangu sasa yuko kwenye nusu kidonge.

Dawa za kifua amefanya miezi miwili, imebaki mine. Mashavu yanashuka. Ndoa tumeisogeza, na mchumba anakuja kila siku ya Mungu, wanakaa inje chini ya muembe, wanaongea mpaka giza.