Kumbe 2 na 8 zina kazi!

Jamani, miezi mitatu nina hiki kidude cha kutusomea vitabu kwa sauti sisi tusioona, Victor Reader Stream, na nimekuwa nikikitumia kama redio. Nikitaka sura ya tano, nasikiliza nne zote za mwanzo. Wenye macho hufunua tu ukurasa, mimi nangoja kama anayengoja matatu ya Bondo ijae.

Jana natoka Kondele, hapa Kisumu, kwa matatu, kidole kikateleza kikagusa kitufe cha 2. Sauti ikataja ngazi fulani. Nikabonyeza 6, ikaruka hadi kichwa kinachofuata! Nikacheka peke yangu. Mama niliyeketi naye akasogeza kapu lake la omena, nadhani alinihofia.

Kumbe 2 na 8 ndizo za kuchagua uruke kwa kipimo gani: sura, ukurasa, alamisho. 4 inarudisha nyuma, 6 inasonga mbele. Ukipotea, 5 inakuambia uko wapi, na hiyo ina kinundu, kidole hakihangaiki.

Ila hati yenyewe lazima iwe imepangwa. Kitabu cha DAISY, muundo wa vitabu vya kidijitali vya wasioona, kimewekewa vichwa na kurasa ndani yake, ndiyo maana kinatii. Fomu niliyotumiwa na ofisi moja ilikuwa picha tupu ya karatasi iliyopigwa skani. Hapo hata ubonyeze kwa kiwiko, kimya. Nimewaomba wanitumie ya Word. Hadi sasa, wapi!

Kushtuka, nimepitiliza soko la Jubilee, niliposhukia. Nikarudi kwa miguu, fimbo mkono mmoja, spika ya sikio upande mmoja, bado narukaruka sura.