Siku moja maishani mwangu: ng'ombe waliopotea ndani ya kontena

Saa 12:40 asubuhi

Nimesimama kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine simu. Kuna ujumbe ulioingia tangu saa 10 usiku: "Shikamoo madam, samahani kwa usumbufu. Zoezi la zizi limenipa 6 kati ya 10, ila kwenye laptop yangu linatoka vizuri kabisa."

Ni wa tisa tangu jana jioni. "Kwangu linatoka vizuri" ya mtu mmoja huwa naisikiliza kwa sikio moja. Lakini watu tisa, wote 6 kati ya 10? Hapo lazima niwe na kosa mimi.

Saa 2:14

Logi ya seva inasema 05:14 kwa sababu inahesabu UTC, saa ya dunia iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Kompyuta yangu inasema 8:14. Kichwani mwangu ni saa mbili na robo kasoro dakika moja. Kila asubuhi naanza na saa tatu tofauti, kisha watu wananishangaa nikichelewa vikao.

Kazi yangu ni kulea mtambo unaosahihisha mazoezi ya lugha ya programu ya Java ya mwaka wa kwanza. Mwanafunzi akipakia faili, mtambo unafungua kontena jipya la Docker (chumba cha muda kilichotengwa cha kuendeshea programu), unakompaili (unageuza msimbo uwe programu), unaipa programu majaribio 10, unalinganisha ilichochapisha na jibu la mwalimu baiti kwa baiti, kisha kontena linatupwa. Ndani hakuna intaneti, memori ni megabaiti 256 na muda ni sekunde 10. Anayeandika kitanzi kisicho na mwisho anajiua mwenyewe, hawaui wenzake.

Saa 3:00

Nianze na rahisi. Programu kadhaa zimekufa na namba 137. Hiyo ni 128 jumlisha 9: kernel, kiini cha mfumo wa kompyuta, imezipiga signali ya 9, amri ya kuua, kwa kuwa memori imezidi. Mtu (mtu huyo ni mimi, Februari) aliiruhusu Java itumie megabaiti 256 za hipu (memori ya data za programu) ndani ya kontena lenye megabaiti 256 zile zile, kana kwamba Java haihitaji nafasi nyingine ya kukaa yenyewe. Nashusha hipu hadi 160. Imepita.

Saa 4:10

Sasa zizi. Programu inasoma idadi ya mifugo na kuchapisha sentensi: mbuzi 30, kuku 12, ng'ombe 4. Wote tisa wameanguka majaribio yale yale: la 3, la 5, la 7 na la 8. Nayafungua. Mengine yote ni ya mbuzi na kuku tu. Haya manne yana ng'ombe.

Navuta kilichochapishwa ndani ya kontena:

`Ng?ombe 4`

Alama ya kuulizia! Wazo la kwanza, naona aibu kulisema, lilikuwa kwamba vijana wamenakiliana. Nafungua faili la mmoja wao na hakuna alama ya kuulizia popote. Naiendesha kwenye laptop yangu, inatoka safi. Kwangu linatoka vizuri.

Basi naingia ndani ya kontena lenyewe na kuandika `locale`, amri inayoonyesha mpangilio wa lugha na herufi. Jibu: POSIX, ule wa msingi kabisa. Imeji yetu, kiolezo ambacho makontena hutoka, imejengwa juu ya Debian (Linux) tupu, hakuna aliyeiambia itumie UTF-8, usimbaji wa herufi za lugha zote, kwa hiyo Java 17 inadhani dunia nzima inaandika kwa ASCII, yaani herufi na alama za msingi za Kiingereza tu. Herufi isiyoijua inaiwekea "?" na kuendelea na safari, bila onyo wala kelele. Kukompaili hakukulalamika kwa kuwa hapo tulishaweka `-encoding UTF-8` zamani. Tuliziba mlango wa kuingilia, tukasahau wa kutokea.

Jirani yangu wa meza ananishauri nihamie Java mpya, eti UTF-8 ni chaguo-msingi tangu Java 18 ya mwaka 2022. Ni kweli kwa mafaili. `System.out` bado inafuata mpangilio wa mfumo, kwa hiyo ningehama na ugonjwa wangu. Naongeza mstari mmoja kwenye Dockerfile, faili la maelekezo ya kujenga imeji, `ENV LANG=C.UTF-8`, najenga imeji upya, naenda kunywa chai.

Saa 6:20 mchana

Bado 6 kati ya 10.

Kilichochapishwa: `Ng’ombe 4`. Jibu la mwalimu: `Ng'ombe 4`. Nimeyatazama haya mawili kwa dakika kama ishirini hivi, nikitafuta nafasi iliyozidi mwishoni mwa mstari. Njaa nayo haisaidii. Mwishowe nikayapitisha kwenye `xxd`, inayoonyesha baiti zenyewe. La mwalimu lina baiti moja pale katikati, 27. La mwanafunzi lina tatu: e2 80 99.

Kumbe ni ritifaa mbili tofauti. Moja imenyooka, ile ya kibodi. Nyingine imepinda, ile ambayo Word hukubadilishia bila kukuuliza. Maelezo ya zoezi yaliandikwa kwenye Word, yakawa PDF, na vijana wakanakili neno kutoka humo. Walioandika kwa vidole vyao wamepata 10. Waliomwamini mwalimu herufi kwa herufi wamepata 6.

Saa 8:00

Nimemfuata mwalimu mwenye zoezi.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Bado. Ni hawa ng'ombe."

Nikamwonyesha. Akavua miwani, akaivaa tena, akasema kwake zote ni alama moja. Kwa macho ana haki, na sikioni hakuna ritifaa kabisa, kuna sauti moja tu, ng'. Tukakubaliana mlinganishi, ile sehemu ya mtambo inayolinganisha majibu, azigeuze ritifaa zote kuwa iliyonyooka kabla ya kulinganisha. Alitaka pia apuuze herufi kubwa na ndogo. Hilo nikakataa, maana swali lenyewe lilizidai.

Saa 9:30 alasiri

Wali maharage, umepoa. Nasahihisha upya darasa zima, na matokeo yanayumba: huyu kapona, yule bado. Seva mbili kati ya tatu zilikuwa zinatumia imeji ya zamani, kwa kuwa lebo ni ile ile `latest` na zilishakuwa nayo. Nimeipa imeji lebo ya tarehe na kuzilazimisha ziivute. Nilishajiapiza kufanya hivi mwaka jana.

Saa 1:15 usiku

Foleni imekwisha. Wanane kati ya wale tisa wana 10. Wa tisa, yule wa saa 10 usiku, ana 9, na tayari ameandika: "Madam, jaribio la 8 bado linagoma."

Nimelifungua. Zizi likiwa halina kitu, programu yake inachapisha "Hakuna ngombe". Hakuna ritifaa, si iliyopinda wala iliyonyooka. Nimemwambia asome tena alichoandika yeye mwenyewe, nikafunga laptop.