Vita ya derive mbili ilivyokwisha

Mwenzangu anapenda atributi za derive za Rust (lugha ya programu), yaani maagizo ya kuiongezea aina ya data uwezo fulani, zikae mbalimbali: `#[derive(Debug, Clone)]` mstari wa kwanza, `#[derive(Serialize, Deserialize)]` wa pili. Mimi kila nikisevu, rustfmt (programu inayopanga msimbo wa Rust yenyewe) inaziunganisha kuwa mstari mmoja. Yeye anazitenganisha, mimi nazirudisha bila hata kujua. Wiki mbili nzima diff zetu (orodha za mabadiliko ya msimbo) zilijaa takataka, na mabishano juu.

Kwanza nilibandika `#[rustfmt::skip]`, inayoiambia rustfmt iruke sehemu hiyo. Ilizuia kweli, ila struct nzima (muundo wa data wenye derive hizo) ikaachwa bila kupangwa, hadi sehemu zilizopinda hovyo. Nikaitoa.

Kumbe tabia ile ina swichi yake, na kwa kawaida huwa imewashwa. Nikaunda `rustfmt.toml` kwenye mzizi wa mradi, nikaandika:

`merge_derives = false`

Angalizo: mpangilio huu hautenganishi derive zilizokwisha kuunganishwa. Hizo nilizikata kwa mkono, nikaziweka kwenye komiti ya peke yake. Kisha `cargo fmt --check`, inayokagua mpangilio bila kuubadilisha, ikaingia kwenye CI (ukaguzi unaojiendesha wenyewe msimbo unapotumwa).

Mimi bado naona mstari mmoja unapendeza zaidi. Lakini mwenzangu ndiye aliyeandika struct nyingi, basi nikamwachia.