Milima Mifupi ya Tenby: Nilivyojiandaa kwa Ironman Wales

Ironman Wales ni mashindano ya siku moja ya kuogelea, baiskeli na mbio za miguu. Njia yake ya baiskeli ina kilomita 180, na ukijumlisha kila mwinuko unapanda kama mita 2,400. Cha ajabu ni kwamba hakuna mlima mrefu hata mmoja. Nilipoitazama ramani mara ya kwanza sikuielewa, maana mimi ni mtu wa Lushoto, na kwetu mlima ni mlima: unatoka Mombo unapanda, unapita Soni unapanda, na baada ya kilomita 33 hivi umefika. Unajipatia mwendo mmoja unakaa nao. Pembrokeshire, eneo la Wales yanakofanyika mashindano haya, haikupi nafasi hiyo. Ni kilima cha dakika tatu, mteremko wa dakika moja, kona, kilima kingine, tena na tena mpaka jioni. Ukikivamia kila kimoja kwa hasira kwa sababu tu ni kifupi, kabla hujafika mbali miguu imekwisha, na marathoni hujaigusa.

Kwa asiyeyajua mashindano haya, yalianza mwaka 2011 na hufanyika Septemba katika mji wa Tenby, pwani ya kusini-magharibi mwa Wales. Unaogelea baharini kilomita 3.8, unapanda baiskeli hizo kilomita 180, halafu unakimbia kilomita 42.2. Watu wanaingia majini kama saa moja asubuhi, na wanapewa saa 17 kumaliza, kwa hiyo mlango unafungwa karibu saa sita usiku. Mbio za miguu nazo zina mlima wake: mizunguko minne, na kila mzunguko unakutoa mjini ukipanda kuelekea kijiji cha New Hedges, unakuteremsha, kisha unakupitisha kwenye vichochoro vya mji wa kale.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Kazi yangu ni kutunza wazee, kwa zamu, na zamu za usiku zimo. Naishi Caerphilly, kazi iko Cardiff. Kocha sikuwa naye, na ratiba zinazodai saa ishirini za mazoezi kwa wiki niliziangalia nikacheka. Nilichokuwa nacho ni mlima kati ya nyumba na kazi. Caerphilly Mountain si mrefu lakini ni mkali, na uzuri wake ni kwamba umekaa katikati kabisa: kwenda unaupanda kutokea upande wetu, kurudi unaupanda kutokea Thornhill, upande wa Cardiff. Huwezi kuukwepa. Basi majira ya baridi yote nikawa naenda na kurudi kazini kwa baiskeli, sare na chakula mgongoni, taa mbele na nyuma.

Nilimpigia mama simu kumweleza.

"Mwanangu, kwani huko mabasi yamekwisha?"

"Yapo, mama."

"Sasa unakimbizwa na nani?"

Kitu cha kwanza nilichojifunza kwenye mlima ule ni kupanda polepole, na nasema kujifunza kwa sababu ni kazi ngumu kuliko kupanda haraka. Kipimo changu kilikuwa pambio. Nikiweza kuimba mstari mzima bila kukata neno, mwendo ni sawa. Nikianza kumeza maneno, nimezidisha, napunguza gia. Wapo wanaotumia mita ya wati kwenye pedeli, yaani kipimo cha nguvu ya miguu, ni kifaa kizuri, lakini bei yake sikuiweza na wala sikuona kama imenipungukia. Wakimbiaji wa asubuhi na mbwa zao walinizoea. Mmoja alikuwa akinijibu kwa Kiwelisi, naye kwa sauti nzuri kunizidi.

Cha pili ni gia, na hapa naomba mnivumilie maana ndipo fedha zilipookolewa. Baiskeli niliyonunua, ya mtumba, mbele ilikuwa na sproketi ya meno 50 na ya meno 34, na nyuma kubwa kuliko zote ilikuwa ya meno 28. Mume wangu hapandi baiskeli lakini anapenda hesabu, akakaa mezani na kalamu. Kile kilima cha Wisemans Bridge, ambacho kwenye njia ile unakipita mara mbili, kina mahali panapofika asilimia 16, yaani kila mita 100 unazosogea umeinuka 16. Mimi, baiskeli na chupa zangu tulikuwa kama kilo 75. Kupanda pale kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa kunataka wati 265 hivi, ambazo mimi naweza kuzitoa kwa dakika chache tu, na nikizitoa nitazilipia baadaye. Nikibaki kwenye wati 180, mwendo unashuka hadi kilomita 5 na kitu kwa saa. Kwa meno 34 mbele na 28 nyuma, pedeli zinazunguka mara 35 tu kwa dakika. Kila mzunguko ni kama kupanda ngazi umebeba gunia. Ukiweka 34 nyuma, unafika mara 43. Bado ni polepole, ila magoti yanapumua.

Nikanunua kaseti, yaani seti ya sproketi za nyuma, ya meno 11 hadi 34, derela ndefu ya kuimudu (kile kifaa kinachohamisha cheni), na cheni mpya. Vijana wa klabu moja niliyoendesha nao walinitania kwamba hiyo ni gia ya bibi. Wao walikuwa na magurudumu ya kaboni ya bei ya gari langu. Mtu akiniuliza leo fedha yake aipeleke wapi kwa mashindano ya milima, jibu langu ni lilelile: sproketi kubwa nyuma kwanza, tairi nzuri za milimita 28, halafu mambo ya kupasua upepo yafuate kama zimebaki.

Wikiendi nisizokuwa na zamu nilikwenda mbali. Napita Pontypridd hadi Treorchy, napanda Bwlch, nashuka upande wa Nant-y-moel, nageuza napanda tena kutokea chini. Siku nyingine naongeza Rhigos, ule mlima wa kutoka Treherbert kwenda Hirwaun. Hiyo ni milima mirefu, haifanani na ya Tenby, na wengine watasema haikuwa mazoezi sahihi. Mimi niliihitaji kwa ajili ya mteremko. Kupanda nilizaliwa nako. Kushuka kwa kasi kwenye lami yenye maji, kondoo wamelala barabarani, hilo lilinitia hofu ya kweli. Mtu mwenye hofu anashika breki njia nzima, mikono inakufa ganzi, mabega yanakaza, na anafika chini amechoka kuliko alivyokuwa juu. Nilichofanya ni kuchagua mteremko mmoja na kuurudia: mikono chini kwenye pembe za usukani ambako breki zinashikika vizuri, breki zote mbili kabla ya kona, kuziachia ndani ya kona, mguu wa nje chini umebeba uzito, macho kule ninakotaka kutokea. Kufikia Mei nilikuwa nakula kitu wakati nikishuka. Ukiona unaweza kutafuna kwenye mteremko, jua hofu imepungua.

Na kula kwenyewe ni somo. Mwili wa mtu anayefanya kazi hiyo kwa saa nyingi unahitaji wanga na sukari gramu 60 kwa saa, na waliozoeza matumbo yao hufika 90. Mimi nilipanga 60. Kwa saa nane za baiskeli hiyo ni karibu nusu kilo, na jeli za sukari za wanamichezo peke yake kwa muda huo zinanichefua. Nikarudi kwenye vitumbua. Nilipima mchele na sukari kwa mizani ya jikoni, nikaloweka, nikasaga na tui la nazi jepesi na iliki, mafuta kidogo sana kwenye chuma, nikahesabu vilivyotoka nikagawanya. Vidogo vya kwangu vilikuja kama gramu 15 za wanga kila kimoja. Vinne kwa saa, basi. Nilivifunga viwiliviwili kwenye karatasi ya foili na kuvitia mfuko wa nyuma wa jezi. Tatizo lake ni mafuta. Baada ya saa nne hivi tumbo linaanza kulalamika, kwa hiyo nusu ya kwanza ya njia ilikuwa vitumbua, nusu ya pili jeli, kinywaji cha sukari na chumvi, na ndizi za mezani. Haya yote niliyajaribu Jumapili nyingi kabla. Tumbo nalo linafundishika kama mguu.

Kuogelea nitakupitisha haraka. Nilijifunza ukubwani, kwenye bwawa la ndani, na walimu wangu wengine walikuwa wadogo kwa watoto wa dada yangu. Umbali ulikuja wenyewe kwa kurudia. Baridi ndiyo iliyotaka akili. Bahari ya kule Aprili iko kwenye nyuzi 9 au 10, na inachelewa kupata joto, ndiyo maana Septemba inakuwa nzuri kuliko Juni, kama nyuzi 16. Ukiingia ghafla pumzi inakukatika na moyo unakwenda mbio; hali hiyo inachukua dakika moja hadi tatu, kisha inapita. Kwa hiyo hata ukiwa na suti ya mpira, lowesha uso na shingo kwanza, simama majini kiuno, toa pumzi ndefu mpaka kifua kitulie, ndipo uanze. Na usiende peke yako. Mimi nilikwenda na kikundi cha akina mama wa pwani ambao wengine wamenipita miaka thelathini na hawavai suti kabisa.

Kukimbia, sikutafuta kasi. Nilitafuta miguu ya kushukia. Watu wanadhani mlima unauma ukipanda, kumbe paja linaharibika ukishuka, maana msuli unavutwa huku unajaribu kukuzuia. Dawa yake ni kuuzoesha: mara moja kila wiki mbili nilikimbia kushuka Caerphilly Mountain mara kadhaa, hatua fupi, mwili mbele kidogo, kisha napanda kwa kutembea. Baada ya siku ya kwanza nilishuka ngazi za kazini kinyumenyume, wazee wakanicheka wakafurahi. Mara ya pili maumivu yalikuwa nusu. Kuanzia Juni yalikuwa hayanisumbui tena, na wiki tatu kabla ya mashindano niliacha zoezi hilo kabisa.

Nilizoea pia kutelemka kwenye baiskeli na kukimbia papo hapo, hata kama ni dakika ishirini tu hadi dukani kuchukua maziwa.

Siku yenyewe, ufukwe wa North Beach umejaa watu toka giza, na kabla ya kuingia majini unaimbwa wimbo wa taifa wa Wales. Wale watu wanajua kuimba, wacha niseme ukweli wao. Unaogelea mizunguko miwili, katikati unatoka unakanyaga mchanga na kurudi. Ukimaliza unapanda njia ya konakona kutoka ufukweni, ambako kila mtu amening'iniza mfuko wa waridi wenye viatu vya kukimbilia, kwa sababu baiskeli ziko mbali, karibu kilomita nzima kupita mjini. Mimi niliweka viatu vikuukuu vya kamba za mpira na kitumbua kimoja.

Kule Freshwater West upepo wa bahari ulikuja wa ubavuni na mchanga umetanda barabarani. Nikashika usukani chini nikatulia. Vilima vya kuelekea Narberth nilipitwa na watu wengi, wengi mno, nikaendelea na pambio langu. Saundersfoot, ambako njia inakupitisha mara mbili, ndipo penye mtego. Umati umebana barabara pande zote mbili, wanapiga kengele, mama mmoja anagonga sufuria kwa mwiko, wanakuita kwa jina lililoandikwa kifuani. Damu inapanda, mguu unataka kusukuma. Wengi niliowaona wakisimama kwenye pedeli pale mzunguko wa kwanza, niliwakuta mzunguko wa pili wakiwa wamekaa kimya. Gia ya bibi ilifanya kazi yake.

Kwenye marathoni nilitembea sehemu kali za kupanda New Hedges tangu mzunguko wa kwanza, kwa mpango, na kukimbia kila mteremko. Kila mzunguko unapewa kikuku cha rangi yake, hivyo unajua nani yuko mbele yako kwa kutazama mikono. Nilivuka mstari kama saa nne na nusu usiku. Mume wangu alikuwa ameshapiga hesabu ya saa tano kasoro robo, na hajafurahi sana kukosea.

Anayefikiria kwenda, nyumba za kulala Tenby zinajaa mapema mno, kwa hiyo tafuta chumba kabla hata hujanunua viatu, au kaa vijiji vya mbali kidogo na uulize barabara gani zitafungwa siku hiyo. Nenda kiangazi uendeshe njia yenyewe, angalau ule mzunguko mfupi wa Narberth na Saundersfoot mara mbili mfululizo. Na ukirudi kutoka upande wa Freshwater West, osha baiskeli kwa maji safi jioni ileile na utie mafuta cheni; chumvi na mchanga wa kule vinaila upesi.