Zege ambalo hatukumwaga

Jumamosi, saa nne usiku

Nimeoga mara mbili na saruji bado ipo kwenye kucha. Wanafunzi wetu wa PT, yaani mafunzo kwa vitendo ya uhandisi hapa saiti, wamefunga wiki ya sita kati ya nane, na Jumamosi mchana ndiyo saa ya kusaini madaftari yao. Wenyewe wanayaita logibuku. Kila siku ina ukurasa wake: tarehe, kazi iliyofanyika, ulichojifunza, mchoro mdogo, halafu mstari wa sahihi yangu.

Nilikuwa nasaini ndani ya kontena, chai ya rangi pembeni, nikafika kwenye Alhamisi ya binti mmoja wa mwaka wa pili, mwandiko mzuri kuliko wangu. "Nimeshiriki kumwaga zege la slabu ya ghorofa ya kwanza, mita za ujazo 18. Nimejifunza umuhimu wa kutumia vaibreta." Mchoro umepigwa kwa rula. Hadi mishale ipo.

Alhamisi hatukumwaga zege. Pampu ya kisima iliungua saa mbili asubuhi, boza la maji likaja saa kumi jioni, na nusu ya mafundi walishinda kivulini wakicheza drafti kwa vizibo vya soda.

Kalamu ikabaki hewani. Nilitaka nimwite nimpe maneno yake, nikashindwa, maana nilijiona mwenyewe. Logibuku yangu ya mwaka wa pili niliiandika usiku mmoja hosteli, siku zote 40, kwa kalamu mbili tofauti ili isionekane imeandikwa kwa mkupuo. Siku ambazo sikukumbuka nilifanya nini niliweka zege. Zege halina swali. Injinia wangu aliisaini yote akiwa amesimama mlangoni mwa gari, hata miwani ya jua hakuvua. Nikapata A.

Huo ulikuwa mwaka 2013. Machi 29 ya mwaka huo, Ijumaa Kuu asubuhi, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar, lilianguka na kuua watu 36. Chuoni hatukuongea kingine kwa wiki kadhaa. Kila kipindi lazima mtu anyooshe mkono aulizie lile jengo. Miezi michache baadaye nikakaa juu ya kitanda cha hosteli nabuni zege ambalo halikuwahi kumwagwa, na wala haikunipitia akilini kwamba mambo hayo mawili yanajuana.

Jumanne nayo ilikuwa na yake. Tulikuwa kwenye nguzo, mikisa inazunguka, na binti huyuhuyu nilikuwa nimemkabidhi kipimo cha slampu, kile cha kujua zege lina majimaji kiasi gani. Ni kazi ya mikono tu: koni ya chuma ya urefu wa milimita 300, chini pana, juu nyembamba. Unaijaza kwa tabaka tatu, kila tabaka unaligonga kwa fimbo mara 25, unasawazisha juu, unainua koni taratibu bila kuizungusha, halafu unapima zege limeshuka kiasi gani. Sisi tulitaka lishuke kama milimita 75. Chuoni ameshaifanya. Mahesabu ya uwiano wa maji na saruji anayajua kunishinda mimi wa leo.

Nikaenda kupokea simu ya bosi. Niliporudi fomu ilikuwa imejazwa: 80. Safi. Ila pale kwenye bati, zege lake la kipimo lilikuwa limetandaa lote hadi ukingoni. Mzee wetu wa mikisa, fundi wa miaka mingi, alikuwa ameongeza ndoo mbili za maji ili kazi iende haraka, vibarua wasiumie na makarai. Nilipouliza, akacheka: "Injinia, hilo si zege tena, uji huo. Bado sukari."

Anajua. Wote wanajua! Maji yakizidi zege linateleza vizuri, linaingia kila kona ya mbao, na yale maji yakishakauka yanaacha vitundu ndani ambavyo huvioni kwa macho. Mchemraba wa zege la majaribio utakuja kusema ukweli ukipondwa maabara siku ya 28, lakini kufika siku hiyo juu ya nguzo kuna ghorofa nyingine. Tulifungua mbao, tukalichota zege la nguzo nzima kabla halijashika. Bosi aliponiona amenuna hadi leo.

Nikamuuliza binti, hiyo 80 umeitoa wapi? Akaangalia buti zake. "Shikamoo injinia," akasema, ingawa tulishaamkiana asubuhi. Ndivyo wanavyofanya wakibanwa. Nikasema marahaba, nikamwacha. Kumbe ningekaa naye palepale.

Maana maabara ya chuo jibu linafahamika kabla hujaanza. Ukipata tofauti, umekosea wewe, rudia. Mtoto anakaa miaka akijifunza kwamba kipimo kisichofanana na kitabu ni aibu ya mpimaji. Halafu tunamleta saiti, tunamweka mbele ya mzee wa umri wa baba yake, tunategemea aseme, "Baba, simamisha mikisa." Nani kamfundisha sentensi hiyo? Mimi nilikuja kuitamka nikiwa tayari na shahada, katika ile miaka mitatu ya mafunzo chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mpango ulioanza mwaka 2003, na nilijifunza kwa sababu mama mmoja mhandisi alikataa kuisema kwa niaba yangu. Alisimama nyuma yangu, kimya, hadi nikaitoa. Sauti ilitetemeka. Fundi alisimamisha.

Sisemi chuo hakifanyi kitu. Lakini mhadhiri anakuja saiti mara moja, nusu saa, anakuta ukurasa uliojaa na ukurasa uliosema "leo hakuna kazi", na wote tunajua upi unapata alama. (Na posho ya mkopo ikichelewa, mwanafunzi anapanda daladala mbili na kushinda na maandazi mawili. Hilo lina shajara yake.)

Basi nikamwita. Kontena lilikuwa kama tanuri, nikamwambia akae karibu na feni.

"Alhamisi tulimwaga zege, mdogo wangu?"

Kimya kirefu. "Hapana, injinia."

"Ulifanya nini?"

"Hamna. Tulikaa tu."

Nikamwonyesha ukurasa wake, nikamsimulia habari za kalamu zangu mbili. Hakucheka, alinitazama kama vile nimemvunjia kitu. Nikamwambia sisaini, akaiandike upya, na kama siku nzima alikaa, aandike alikaa.

Alirudi baada ya robo saa. Ule wa kwanza ameufuta kwa mstari mmoja, chini yake kaandika haraka, bila rula: pampu imeungua saa 2:10, maji yamefika saa 10:00. Hakuna zege. Fundi nondo kanifundisha kukunja ringi za nguzo kwenye benchi lake. Nimekunja 11, amekataa 7 kwa sababu ndoano za mwisho zilikuwa fupi na ringi mbili hazikuwa na pembe mraba. Zile 4 zimefungwa kwenye nguzo ya kona, upande wa barabarani.

Mimi nilikuwepo saiti siku nzima na sikuwa na habari hiyo. Nikashuka hadi kwenye nguzo ya kona kuziangalia. Zipo, ya tatu hadi ya sita kutoka chini, zimefungwa kwa waya mwingi mno. Nikarudi nikasaini.

Ya Jumanne bado sijasaini. Nimemwambia Jumatatu tuanzie hapo, aje na koni.