Seva ya nyumbani: nimefuta, nafasi hairudi

Jumamosi usiku mdogo wangu, anayepiga video za harusi, alinipigia simu: "Kaka, nimefuta folda nne za kazi zilizokwisha, mbona seva bado inasema imejaa?" Nikamwambia azime kompyuta yake aiwashe tena. Ushauri wa ovyo, nakiri, ila nilikuwa nakula.

Seva yenyewe ni kompyuta ya mtumba, diski mbili za terabaiti 4, moja nakala ya mwenzake, juu yake ZFS, mfumo wa kupanga na kulinda mafaili kwenye diski. Nimeipa jina ghala. Kiskripti changu kinapiga snapshoti (picha ya mafaili yalivyo saa hiyo, ya kurudia ukikosea) kila saa, na kinabakiza za saa 24, za siku 30 na za miezi 12. Nilijiona mjanja.

Nilipoingia, ghala lilikuwa limejaa 93%. Amri ya `zfs list -o space ghala/kazi` ikafichua mambo: mafaili yaliyo hai 1.7T (terabaiti), snapshoti 1.4T.

ZFS haiandiki juu ya data ya zamani. Snapshoti ikipigwa haili nafasi ya maana. Inashikilia tu vipande vilivyokuwepo saa ile. Ukifuta faili, jina linatoka kwenye folda, vipande vinabaki mpaka snapshoti ya mwisho inayovishika iondoke. Kwa ratiba yangu, harusi aliyoifuta leo ingekaa humo karibu mwaka mzima.

Kilichonipotezea saa nzima ni hiki: nilipanga snapshoti kwa ukubwa, kubwa kuliko zote ikawa 38G (gigabaiti), na zote kwa jumla hazikufika 120G. Sasa ile 1.4T iko wapi? Kumbe safu ya USED, ile ya ukubwa wa kila snapshoti, inahesabu kile ambacho snapshoti inakishika peke yake. Faili lililomo kwenye snapshoti tano halionekani kwenye hesabu ya hata moja. Futa moja, hupati kitu. Futa zote tano, linarudi lote.

Kwa hiyo uliza kwa mkupuo. `zfs destroy -nv`, kisha snapshoti ya kwanza na ya mwisho, katikati alama ya %. Ile n ni ya kujaribu tu, hakifutwi kitu. Jibu: zingerudi 1.12T.

Kabla sijaitoa ile n nikampigia dogo. Akafikiri, akasema kuna bwana harusi wa Februari bado anadai video nzima ya ukumbini. Nikaichomoa kutoka `.zfs/snapshot`, folda iliyofichwa ya kusomea snapshoti, 41G, ndipo nikafuta. Nafasi ilirudi taratibu, ZFS ikiachia vipande chini kwa chini. Amri ya `zpool get freeing` inaonyesha kilichobaki. Asubuhi ghala lilikuwa 63%.

Nimebadilisha mambo. Kashe (mafaili ya muda) ya programu ya kuhariri ina dataseti yake, yaani sehemu yake ndani ya ghala, bila snapshoti kabisa. Ule uchafu ulikuwa unahifadhiwa kila saa kama mali. Kiskripti changu kimestaafu, sanoid, programu ya kupiga na kufuta snapshoti kwa ratiba, imeshika zamu: kazi saa 24 na siku 7 basi, picha za familia zinabaki na miezi 12. Kazi nimeiwekea pia quota, kikomo cha nafasi, ya 2.5T. Si refquota, maana hiyo haihesabu snapshoti. Najua siku moja dogo ataambiwa diski imejaa huku folda yake ikionekana nyembamba. Heri anipigie kelele kuliko picha za mama zikose pa kukaa.

Bado sijaweka onyo la kuja kwenye simu ghala likijaa 80%. Ile video ya bwana harusi bado imekaa humo, hajaja kuichukua.