Betri ya Leaf na joto la Mombasa

Kila anayetaka kununua Leaf ya Japani, ile gari ya umeme ya Nissan, ananiuliza betri itadumu miaka mingapi, na mimi kabla sijajibu namuuliza kwanza anakaa wapi na atakuwa anachaji saa ngapi. Manake huku Pwani joto ndio adui mkubwa wa hii betri.

Leaf hizi za kizazi cha kwanza na cha pili hazina maji ya kupoza betri kama magari mengi ya umeme ya siku hizi. Betri imefungwa kwenye kasha lake chini ya gari na inapoa polepole yenyewe, basi. Mwaka 2012 wenye Leaf kule Phoenix, Arizona, ambako joto linapita digrii 40, walilalamika sana betri zao kupungua nguvu mapema. Nissan baadaye wakaboresha kemikali za ndani zikavumilia joto zaidi, lakini mfumo wa kupoza hawakuuweka, hata kwa ile yenye betri kubwa zaidi ya 40 kWh (kipimo cha umeme betri inaobeba) iliyotoka 2017.

Sasa hapa ndipo nataka tuelewane vizuri. Joto likikutana na betri iliyojaa asilimia mia ndio hasara inakuja, kwa sababu betri ikijaa volti za seli, yaani vile vijibetri vidogo vya ndani, zinakuwa juu na ule uchakavu wa ndani unakimbia, hata gari ikiwa imesimama tu. Kwa hiyo mtu anajaza mia usiku, asubuhi anatoka Nyali kwenda mjini, kilomita chache tu, halafu gari inashinda juani ikiwa na tisini na kitu mpaka jioni, akirudi anachomeka tena ijae. Jamani huyo anaimaliza betri na hajui!

Ya kila siku mimi naiweka kati ya asilimia 30 na 80. Nikiwa na safari ya Malindi, ambayo kwenda na kurudi ni kama kilomita 240, hapo najaza mia bila wasiwasi, ila napanga ijae karibu na saa ya kuondoka isikae nayo. Kama gari yako haina sehemu ya kuiambia isimame kwa 80, tumia taima, piga hesabu inapanda kiasi gani kwa saa moja. Na ukifika nyumbani mchana betri ikiwa ya moto usichomeke papo hapo, ngoja usiku, stima ni ile ile na betri itakuwa imepoa kidogo.

Chaji ya haraka si mbaya ukiwa njiani, ila ukiipiga mara mbili tatu siku moja joto la betri linapanda na Leaf yenyewe inaanza kupunguza kasi ya kuchaji. Ukifika 80 chomoa uende, kutoka hapo inapanda polepole mno.

Wenye magari ya betri za LFP (aina ya betri za lithiamu zenye chuma na fosfeti), kama BYD nyingi, haya ya 80 hayawabani sana. Tesla wenyewe wanawaambia wenye LFP wajaze mia walau mara moja kwa wiki ili gari ijue kusoma chaji vizuri. Angalia kitabu cha gari yako, usifuate ya jirani.

Halafu soketi, hili naomba mlichukulie kwa uzito. Kebo nyingi zinazokuja na gari za Japani ni za ampea 15 na plagi yake si yetu, watu wanaikata wanafunga plagi ya kawaida ya ampea 13 wanachomeka kwa ekstensheni usiku kucha. Inayeyuka hiyo, na nyumba inaweza kuungua watu wamelala. Ita fundi wa stima akuvutie laini yake peke yake kutoka kwenye boksi, na breka yake.

Ukisafiri mwezi mzima iache kwenye nusu hivi, kivulini, na umwambie unayemwachia nyumba asiichomeke akidhani anakusaidia.